Mlango Haukuwa Wake: Kisa cha Botham Jean na Hoja ya "Nilidhani"

Alhamisi ya Septemba 6, 2018, karibu saa nne usiku, Botham Jean alikuwa ameketi kwenye sofa la fleti yake mjini Dallas, jimbo la Texas, akila aiskrimu huku televisheni ikiwaka. Alikuwa na miaka 26, mhasibu wa kampuni ya PricewaterhouseCoopers, mzaliwa wa Saint Lucia, kisiwa kidogo cha Karibi. Alikwenda Marekani kusoma Chuo Kikuu cha Harding, Arkansas, na kanisani walimjua zaidi kwa sauti yake ya kuongoza nyimbo. Mlango wake haukuwa umejifunga sawasawa. Ukasukumwa, akaingia askari polisi mwenye sare, na muda si muda zikalia risasi mbili. Moja ilimpata kifuani.

Askari huyo, Amber Guyger, alikuwa na miaka 30, karibu mitano kati ya hiyo akiwa kazini. Hakuna aliyemtuma pale. Zamu yake ya saa 13 na nusu ilikuwa imekwisha na alikuwa anarudi kulala, sare mwilini, bastola kiunoni. Wote wawili walikuwa wapangaji wa jengo moja, South Side Flats, jirani kabisa na makao makuu ya polisi ya jiji. Yeye alikaa namba 1378, ghorofa ya tatu. Botham alikaa 1478, ghorofa ya nne, juu yake moja kwa moja. Guyger aliegesha gari ghorofa ya nne badala ya ya tatu, akapita korido inayofanana na yake kama pacha, akasimama mbele ya mlango aliouona kuwa ni wake.

Simulizi yake mahakamani ilikuwa hii. Alipoingiza ufunguo wa kielektroniki, mlango ulikuwa haujakaza, akasikia mtu anatembea ndani, akaona umbo gizani, akaamuru mikono ionekane, yule mtu akamjia, naye akafyatua. Katika simu aliyopiga kuomba msaada anasikika akirudia karibu mara ishirini kwamba alidhani yuko kwake. Anasikika pia akisema atapoteza kazi.

Hapo ndipo mjadala ulipoanzia, na kwa maoni yangu ndipo ulipokwama. Kwa wiki nyingi watu walibishana kama kweli mtu mzima anaweza kupotea mlango wake. Zikazuka tetesi kwamba wawili hao walijuana, kwamba kulikuwa na mapenzi, kwamba kulikuwa na ugomvi wa kelele kati ya ghorofa ya chini na ya juu. Hakuna hata moja iliyothibitishwa. Mpelelezi wa Texas Rangers, kikosi cha upelelezi cha jimbo, aliyeongoza uchunguzi aliwahoji wapangaji wa jengo lile akakuta makumi yao waliwahi kufika ghorofa isiyo yao wakaingiza ufunguo kwenye mlango wa mwenzao. Jengo lenyewe lilikuwa linapoteza watu. Kwa hiyo ndiyo, inawezekana alikosea mlango. Mimi naamini alikosea. Tofauti ni kwamba wale wapangaji wengine waliomba radhi, wakageuka, wakashuka ngazi.

Swali zito liko mbele kidogo ya mlango, katika zile sekunde chache kati ya kusikia mtu ndani na kufyatua risasi. Raia anayesikia nyendo za mtu ndani ya nyumba yake anaweza kushikwa na hofu akafanya lolote. Askari amefundishwa. Ana redio begani, ana wenzake jengo la jirani, ana dawa ya pilipili na kifaa cha kupiga shoti ya umeme. Angeweza kurudi nyuma hatua mbili kwenye korido, ukuta ukawa kinga yake, akaita. Waendesha mashtaka waliizungusha kesi nzima kwenye nukta hiyo, na walifanya vizuri.

Lakini kabla ya kufika mahakamani, zilipita siku ambazo familia ya Jean haitazisahau. Guyger hakukamatwa usiku ule. Alikamatwa Septemba 9, siku ya tatu, kwa kosa la kuua bila kukusudia, akatoka siku hiyohiyo kwa dhamana ya dola 300,000. Nani mwingine angempiga mtu risasi ndani ya nyumba ya huyo mtu, akakiri, kisha akalala kwake siku tatu? Swali hilo liliulizwa barabarani, kwenye vikao vya baraza la jiji, na kwenye mimbari za makanisa ya Weusi ya Dallas, wala halikupata jibu la maana.

Likafuata la bangi. Septemba 13, siku ambayo Botham alikuwa akiagwa kanisani huko Richardson, vyombo vya habari vilipata orodha ya vitu ambavyo polisi walivikuta kwenye fleti yake usiku wa kuuawa. Ndani ya orodha mlikuwemo bangi, gramu 10.4. Kituo kimoja cha televisheni kikaifanya habari kubwa. Marehemu hakuwa mshukiwa wa kitu chochote. Alikuwa kwake, amekaa. Gramu hizo hazikuwa na uhusiano wowote na mtu wa ghorofa ya chini kupanda ghorofa ya juu, ila kwa mazoea ya muda mrefu ya kumpekua maiti ili kumtafutia muuaji nafuu. Mama yake, Allison Jean, aliyewahi kushika nyadhifa serikalini Saint Lucia na anayejua jinsi taarifa za ofisini zinavyovuja, alilisema hilo hadharani bila kuzungukazunguka: jina la mwanawe linachafuliwa.

Guyger alifukuzwa kazi Septemba 24. Novemba 30, jopo la mashtaka la kaunti ya Dallas, yaani raia wanaoamua mtu ashtakiwe kwa kosa gani, likapandisha kosa kutoka kuua bila kukusudia hadi kuua kwa kukusudia. Wengi walidhani upande wa mashtaka umejichimbia shimo. Utathibitishaje kusudi kwa mtu ambaye hata hakujua yuko kwenye nyumba ya nani?

Jibu lilitoka kinywani mwake mwenyewe. Kesi ilianza Septemba 23, 2019, mbele ya Jaji Tammy Kemp, na siku ya tano Guyger akapanda kizimbani kujitetea. Alilia. Alisema anajichukia, anatamani angekuwa yeye aliyeuawa. Mwendesha mashtaka Jason Hermus akamuuliza, kwa utulivu, kama alipolenga na kuvuta kifyatulio alikusudia kumuua Jean. Akajibu kwamba ndiyo. Chini ya sheria ya Texas, kusudi linalotafutwa ni kusudi la kumuua mtu aliyeko mbele yako, si kusudi la kumuua mtu fulani mwenye jina na anwani. Alikosea mtu. Hakukosea tendo. Naona jibu lile moja lilimaliza kesi, ingawa mawakili waliendelea kuongea kwa siku kadhaa.

Vitu vingine vilivyojitokeza vilikuwa vya kuongezea uzito. Mbele ya mlango wa Botham kulikuwa na zulia dogo jekundu ambalo Guyger hakuwa nalo kwake. Muda mfupi kabla, alikuwa kwenye simu dakika 16 na askari mwenzake waliyekuwa na uhusiano wa kimapenzi, na baada ya risasi alimtumia ujumbe kwamba anamhitaji, wakati Botham angali anakata roho sakafuni. Alikuwa na begi lenye vifaa vya huduma ya kwanza, havikutumika. Daktari aliyechunguza mwili alieleza kwamba risasi ilipita kwa kushuka chini, hali inayolingana na mtu anayenyanyuka kwenye kiti au anayejikunyata. Mtu anayemjia mwenzake wima haachi alama ya namna hiyo. Jirani wa korido ileile alisema alisikia sauti za watu wawili wakishtukiana, kisha milio. Amri ya kuonyesha mikono hakuisikia.

Ikajulikana pia kwamba usiku ule kiongozi wa chama cha askari wa Dallas, Mike Mata, alifika eneo la tukio na kutaka kamera ya gari alimoketi Guyger izimwe ili azungumze na wakili wake. Haki ya kuwa na wakili ni ya kila mtu, sina ugomvi nayo. Ila sijasikia kiongozi wa chama chochote akimkimbilia mshukiwa wa kawaida usiku wa manane kumzimia kamera.

Upande wa utetezi ulikuwa na kamba moja ya kushika, nayo ni ile kanuni ya ngome: mtu akiwa nyumbani kwake halazimiki kukimbia, na akimkuta mvamizi anaruhusiwa kutumia nguvu za kuua. Ni kanuni kongwe ya Waingereza, na Texas wameinenepesha kuliko majimbo mengi. Mawakili wakadai Guyger aliamini kwa dhati kwamba yuko ngomeni mwake, basi sheria imtazame kama aliyekuwa kwake. Jaji Kemp akaruhusu jopo la raia wanaoamua kesi liifikirie hoja hiyo, na nje ya mahakama kukawaka moto. Mwenye ngome alikuwa Botham. Kama kuna aliyekuwa na haki ya kusimama, kupiga kelele, hata kumrukia mtu aliyeingia na bastola usiku, ni yeye. Kwa hoja ya utetezi, haki hiyo ilihama kutoka kwa mwenye nyumba kwenda kwa mvamizi kwa sababu tu mvamizi alikuwa amechoka.

Hata hivyo nadhani jaji alifanya sawa kuliachia jopo. Kama angewafungia hoja hiyo, mahakama ya rufaa ingekuwa na sababu nzuri ya kuirudisha kesi yote mwanzo. Jopo la raia 12, wengi wao wanawake na wengi wao si Wazungu, hawakukaa hata siku nzima. Oktoba 1 walirudi na neno moja: ana hatia ya mauaji.

Msomaji wa kwetu anaweza kujiuliza kesi hii ingekwendaje huku. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 11, na ya Kenya, Sura ya 63, kifungu cha 10, zina lugha inayofanana: anayetenda kwa imani ya kweli na yenye sababu, ingawa potofu, kuhusu hali ya mambo, hawajibiki zaidi ya ambavyo angewajibika kama mambo yangekuwa vile alivyoamini. Kwa nje inaonekana ni mlango mpana kuliko wa Texas. Lakini soma tena: imani iwe ya kweli na iwe na sababu, yote mawili. Na hata ukiyavuka hayo, bado unabaki na mtu asiye na silaha anayenyanyuka kwenye sofa. Hata angekuwa mwizi kweli, mwizi wa namna hiyo anauawa kwa sababu gani? Hoja ya "tulidhani" tunaijua vizuri. Mwandishi wa habari wa Pakistan, Arshad Sharif, alipopigwa risasi na polisi kwenye kizuizi huko Kajiado Oktoba 2022, maelezo yalikuwa kwamba gari lake lilifananishwa na gari lililoibwa. Julai 2024 Mahakama Kuu ya Kajiado ikasema kule kumuua kulikuwa kinyume cha sheria na cha katiba, na kuamuru mjane wake alipwe shilingi milioni 10 za Kenya. Kufananisha gari hakukugeuza risasi kuwa halali.

Turudi Dallas. Mauaji Texas yana adhabu kuanzia miaka 5 hadi 99, au maisha. Upande wa mashtaka uliomba isipungue 28, umri ambao Botham angekuwa ametimiza Septemba 29 ya mwaka ule, katikati ya kesi. Kabla ya adhabu, jopo lilionyeshwa jumbe za simu za Guyger. Katika mmoja, akiwa kazini kwenye maandamano ya kumkumbuka Martin Luther King, aliulizwa shughuli inaisha lini, akajibu kwa mzaha kwamba ni King atakapokufa. Mengine yaliwadhihaki askari wenzake weusi. Baada ya kuyaona hayo yote, Oktoba 2, jopo likatoa miaka 10.

Nje ya ukumbi watu walipiga kelele. Miaka 10, na baada ya mitano anaweza kufikiriwa kwa parole, yaani kuachiwa mapema kwa masharti! Wakakumbusha kwamba katika kaunti ya jirani mwanamke mweusi alikuwa amehukumiwa miaka 5 mwaka 2018 kwa kupiga kura tu akiwa bado chini ya uangalizi wa kifungo cha awali. Wanajopo wawili waliohojiwa baadaye na televisheni walieleza kwamba waliona miaka 28 ni ya kulipiza kisasi, na Botham waliyemsikia akisimuliwa mahakamani hakuwa mtu wa jicho kwa jicho. Naelewa walikotoka. Lakini kuna kasoro katika kutumia wema wa marehemu kumpunguzia muuaji adhabu. Je, Botham angekuwa mkorofi asiyeimba kanisani, damu yake ingekuwa ghali zaidi?

Kisha likatokea tukio lililoizidi hukumu kwa umaarufu. Brandt Jean, mdogo wake Botham, mwenye miaka 18, alipewa nafasi ya kuzungumza. Akamwambia Guyger kwamba anamsamehe, kwamba anampenda kama mtu, hata hatamani aende jela, na kwamba ndugu yake angetaka ayakabidhi maisha yake kwa Kristo. Akamwomba jaji ruhusa ya kumkumbatia. Wakakumbatiana muda mrefu, vilio vikisikika ukumbini. Baadaye Jaji Kemp naye akashuka, akamkumbatia Guyger, akampa Biblia yake mwenyewe na kumfungulia Yohana 3:16.

Hapa mjadala uligawanyika kwa namna ambayo sijaiona katika kesi nyingine. Makanisani video ile ilichezwa kama mahubiri. Wengine, hasa Weusi wa Marekani, waliiangalia kwa uchungu: mbona msamaha wetu ndio unaosherehekewa, na tena unadaiwa haraka, kabla hata kaburi halijashikana? Mbona hawamsifu hivyo mweusi anayeomba haki? Nadhani pande zote mbili zilimtendea Brandt isivyo. Alikuwa kijana wa miaka 18 anayejaribu kupumua. Msamaha wake ulikuwa wake, hakumsamehe Guyger kwa niaba ya Dallas wala kwa niaba ya kabila zima. Kilichoharibu ni kamera, na viongozi waliorukia kupiga picha na ule msamaha. Jaji ni jambo tofauti. Ana joho. Mshitakiwa mweusi wa kesi ya kesho asubuhi katika ukumbi uleule hatakumbatiwa, na hilo linaonekana.

Alasiri hiyohiyo Allison Jean alizungumza, na maneno yake hayakupata hata robo ya watazamaji wa kumbatio. Alisema eneo la tukio lilichezewa, kwamba kulikuwa na uozo katika jinsi polisi walivyoshughulikia jambo, kwamba mafunzo yangekuwa ya maana mwanawe angekuwa hai, na kwamba jiji la Dallas lina kazi ya kufanya. Alimwachia mwanawe mdogo msamaha wake na yeye akashika hesabu. Kama ningeulizwa nani aliielewa kesi ile kuliko sote, ningemtaja huyo mama.

Siku mbili baada ya hukumu, yule jirani aliyetoa ushahidi aliuawa kwa risasi. Polisi walisema ni biashara ya dawa za kulevya iliyoharibika, wakataja washukiwa watatu kutoka Louisiana. Wengi hawakusadiki. Hakuna ushahidi uliounganisha kifo hicho na kesi, lakini kutosadikiwa kule kunapima ni imani kiasi gani ilikuwa imebaki kati ya polisi na watu wa Dallas. Na Oktoba 12, 2019, siku kumi tu baada ya hukumu, huko Fort Worth, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari, askari Aaron Dean alimpiga risasi Atatiana Jefferson kupitia dirisha la nyumba yake, akiwa na mpwa wake mdogo. Jirani alikuwa amepiga simu kwa wema kwa kuona mlango uko wazi usiku. Safari hii askari walifika nyumba sahihi.

Guyger alikata rufaa akitaka kosa lishushwe hadi uzembe uliosababisha kifo, ambao kifungo chake hakizidi miaka miwili. Agosti 2021 mahakama ya rufaa ya Dallas ikakataa. Hoja yao ilikuwa ileile iliyokuwemo katika jibu la Guyger kizimbani: kukosea kuhusu fleti hakukufuta kusudi la kuua. Machi 2022 mahakama ya juu ya jinai ya jimbo ikakataa hata kusikiliza.

Mengine yamekuja taratibu. Mtaa wa South Lamar, ulipo ule mjengo, ulibadilishwa jina mwaka 2021 ukawa Botham Jean Boulevard, na kwa kuwa makao makuu ya polisi yako mtaa huohuo, barua zao zote sasa zina jina lake. Mwaka huohuo Texas ikapitisha sheria yenye jina lake inayomzuia askari kuzima kamera ya kifuani wakati uchunguzi unaendelea. Bodi ya parole ilipokutana mwaka 2024, Guyger alipotimiza nusu ya kifungo, ilimkatalia na kupanga kumtazama tena 2026. Novemba 2024 jopo la mahakama ya shirikisho likaamuru ailipe familia karibu dola milioni 98.65, ambazo mfungwa asiye na mali hana namna ya kuzilipa. Jiji, ambalo lingeweza kulipa, lilikuwa limeshaondolewa kwenye shauri.

Mswada wa kwanza wa ile sheria ya Botham Jean, ulioletwa na mbunge Carl Sherman, haukuwa wa kamera peke yake. Ulitaka pia kanuni ya ngome ifafanuliwe, ili kinga yake imhusu tu aliyeko kweli kwenye nyumba yake. Kipande hicho kiliondolewa kabla mswada haujapita.